Leonhard Euler, Kipofu wa Nambari

Najua wengi wetu tukisikia hesabu tunaombea kengele ilie. Tafadhali msifunue ukurasa mwingine kabla ya kumjua bwana huyu.

Euler alizaliwa mwaka 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mhubiri na alitaka kijana afuate nyayo zake, lakini mwalimu Johann Bernoulli alimsihi mzee amwachie hesabu zake. Mzee akakubali. Mwaka 1727 Euler akaenda St Petersburg, Urusi, kufanya kazi.

Wakati huo watu waliamini neno la Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa amekwisha kufa, kwamba 4,294,967,297 ni nambari tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina la Fermat lilikuwa kubwa, nani angebisha? Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25 tu, akaonyesha kuwa inagawika kwa 641. Mimi nimeigawa kwa kalamu, bila kikokotoo, nikapata 6,700,417 na hakuna kilichobaki. Jaribu nawe!

Jicho lake la kulia liliharibika karibu mwaka 1738. Aliishi Berlin kwa miaka 25, na aliporudi Urusi mwaka 1766 jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. Mwaka 1771 moto ukateketeza nyumba yake, na ilibidi mtu wa kwao Basel amwokoe. Kipofu angekimbilia wapi jamani?

Sasa sikieni. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alikuwa ametaja kwamba ukizidisha mbili 31 pamoja, kisha ukatoa 1, utapata nambari tasa. Nambari hiyo ni 2,147,483,647. Alitaja tu, hakuthibitisha. Miaka 128 ikapita. Mwaka 1772 Euler, macho hayaoni, akatangaza kuwa ameihakikisha.

Ukitaka kuijaribu kwa kila nambari tasa iliyo chini ya 46,341, utagawa zaidi ya mara 4,000. Hiyo si mchezo hata kwa mwenye macho. Euler alionyesha kuwa kigawanyo chake chochote cha namna hiyo, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Basi zikabaki nambari zisizofika 100 za kujaribu, na hakuna hata moja iliyoigawa. Kwangu mimi hapa alipita hata pale pa 641, kwani kusema haigawiki ni kugumu kuliko kuonyesha inapogawika. Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyethibitisha nambari tasa kubwa kuliko hiyo.

Karibu nusu ya kazi zake alizitoa akiwa hivyo kipofu, yeye akisema, mwanawe na wanafunzi wakiandika. Alifariki tarehe 18 Septemba 1783. Siku hiyo alikuwa akizungumza juu ya mwendo wa sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla.