Daktari wa Karema Ambaye Hakujaza Fomu

Msimu wa udahili ukifika, simu yangu haipumziki. Kwetu Rwamagasa, Geita, mimi ndiye nimekuwa msemaji wa mambo ya vyuo, eti kwa kuwa nipo mwaka wa tatu maabara. Safari hii ni mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa aliyeko Kahama. Amepata nafasi mbili, udaktari na uuguzi, na anatakiwa athibitishe moja. Ukoo mzima umeshathibitisha kwa niaba yake: udaktari, basi. Yeye anataka uuguzi ila anaogopa kusema. Nikamsimulia habari za Adrian Atiman. Hakunielewa, ndiyo maana naandika.

Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadri Weupe wakamnunua ili kumkomboa. Hebu tusimame hapo kidogo. Mtoto mdogo, hana baba, hana mjomba wa kumshauri, hata wa kumlazimisha hana. Aliyempangia maisha ni Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile. Kardinali alitaka vijana Waafrika waliokombolewa wasomee tiba, kisha waende bara kama madaktari makatekista, waoe, wazae, waishi kama majirani zao wanavyoishi. Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma hadi 1888. Fomu ya kuchagua kozi hakuiona.

Mwaka huohuo akaanza safari kupitia Zanzibar, na 1889 msafara ukamfikisha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ngome ya pale ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawaachia mapadri 1885. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita nchi zile. Yaani mtu aliyewahi kuuzwa sokoni alifika kutibu watu mahali ambapo wenzake walikuwa bado wanauzwa. Mwafrika, ndiyo, lakini mgeni kama Mzungu yeyote: lugha ilibidi ajifunze, mila ilibidi ajifunze. Akaoa binti wa chifu wa Wabende, Agnes. Akabaki.

Hilo neno, akabaki, ndilo ninalolipenda kuliko yote katika habari zake. Alikaa Karema miaka 67. Alifika utawala wa Wajerumani ukiwa ndiyo kwanza unaanza, akawaona wakija na kuondoka, Vita Kuu vikapita, Waingereza wakashika nchi, naye yupo palepale, anatibu na kufundisha dini. Alifariki 1956, miaka mitano tu kabla ya Uhuru, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Alipewa nishani kadhaa uzeeni.

Watu walimwita daktari. Sawa, lakini leo tungemweka kada gani? Nimejaribu, nimeshindwa. Alipima, alitoa dawa, aliuguza, na asubuhi akakutana na mgonjwa wake njiani. Sisi kazi hizo tumezigawanya, kila moja na kozi yake na alama zake za kuingilia, halafu tumezipanga kama ngazi ili mashangazi wajue nani yuko juu ya nani.

Mdogo wangu amekulia kwenye dhahabu kama mimi, kwa hiyo nilimpa mfano wa nyumbani. Mchimbaji mdogo anatoka kwenye duara anakohoa. Vumbi la karasha amelimeza miaka, zebaki ameichoma kwa mikono mitupu. Akifika zahanati, mara nyingi anayempokea na kumpa kikopo cha makohozi ni muuguzi. Mimi wa maabara nitamwona kwenye kioo cha hadubini tu, sura yake siijui. Daktari huenda akamwona hospitalini, siku hali imekuwa mbaya. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa ni miezi sita, na ndani ya miezi sita dhahabu ikisikika Nyarugusu ameshahama. Nani anampigia simu? Nani anamjua mke wake? Muuguzi aliyebaki.

Nisiwadanganye, kuna kitu kwenye habari za Atiman kinanikera. Tunamsifu sana, lakini hakuna aliyemuuliza. Waliomkomboa utumwani ndio haohao waliomchagulia kazi, nchi ya kuishi na jina. Kwamba aliifanya kazi ile vizuri hakufuti hilo. Na mtoto wake Joseph hakurithi mkoba wa dawa, alikuwa padri. Napenda kuamini kwamba mzee hakumzuia kwa sababu alijua maana ya kupangiwa.

Mimi mwenyewe maabara haikuwa chaguo langu, ilikuwa chaguo la alama zangu na la baba mdogo aliyelipa ada. Nimeizoea, hata naipenda. Lakini nilichukua miaka miwili kuipenda, na hiyo miwili simtakii mdogo wangu.

Dirisha linafungwa Ijumaa. Nimemshauri aanzie kwa bibi yetu Shinyanga, maana bibi akikubali wajomba watanyamaza. Nauli ya kwenda nimeitoa kwenye bumu.