Monika na Kijana Wake

Ndugu mzazi, huenda nyumbani mwako yumo kijana wa miaka 16 ambaye ukimwuliza jambo anakujibu kwa neno moja, kisha anatoka. Usidhani mambo haya yameanza juzi. Tazama maisha ya Mtakatifu Monika.

Monika alikuwa Mwafrika wa Kaskazini. Aliolewa na Patrisi wa mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Patrisi hakuwa Mkristo. Alikuwa mwepesi wa hasira na hakuwa mwaminifu katika ndoa. Mwaka 354 walimzaa Augustino.

Augustino alipotimiza miaka 16, fedha za masomo zilipungua, akakaa nyumbani mwaka mzima bila shughuli. Usiku mmoja yeye na wenzake waliiba peasi za jirani, wakawatupia nguruwe. Baba alipogundua kwamba kijana amebalehe, alifurahi kuwa atapata wajukuu. Mama aliingiwa na hofu, akamwonya faraghani juu ya uasherati. Kijana aliyadharau maonyo hayo, akayaona ni maneno ya wanawake tu. Unaona, msomaji? Baba alicheka, mama alitetemeka, na kijana hakujua amsikilize nani. Jambo walilokubaliana wote wawili ni masomo yake.

Patrisi alibatizwa kabla ya kufa, kwa uvumilivu wa mkewe. Augustino alikwenda Karthago, akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodato. Kisha akaifuata dini ya Wamani. Aliporudi nyumbani, Monika alikataa kukaa naye hata mezani.

Je, mlango uliofungwa ulimgeuza? La. Baada ya kuota ndoto iliyompa matumaini, Monika alimfungulia, wakala tena pamoja. Alimwendea askofu mmoja amsihi abishane na mwanawe. Askofu alikataa, akamshauri amwache kijana kwa muda na azidi kumwombea, kwani angegundua kosa lake mwenyewe kwa kusoma.

Haikuwa rahisi. Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake bandarini, akapanda meli usiku kwenda Roma. Monika alivuka bahari, akamkuta Milano. Huko kijana alikuwa akimsikiliza Askofu Ambrosi. Mwaka 386 mama alikaa na mwanawe na rafiki zake katika nyumba ya shamba nje ya mji. Walipojadiliana mambo mazito naye alishiriki, na Augustino akataka maneno ya mama yake yaandikwe. Yule aliyeyadharau maneno yake akiwa na miaka 16, sasa aliyatunza!

Augustino na Adeodato walibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Miezi michache baadaye, huko Ostia, mama na mwana walisimama dirishani wakizungumza juu ya uzima wa milele. Siku chache baadaye Monika aliugua, akafariki akiwa na miaka 56.

Basi, baba na mama, kwanza semezaneni ninyi wawili, ili kijana asipate majibu mawili katika nyumba moja. Mwonyeni, lakini msimnyime nafasi mezani. Naye akianza kusema, hata kama mnayosikia hayawapendezi, mwacheni amalize. Je, leo jioni mtakula naye?