Lucille Ball na Kazi ya Kuchekesha

Wako wanaodhani kuchekesha watu ni kazi ya mtu aliyezaliwa na soni haba. Mimi, niliyekula miaka nikihesabu mizani za mashairi, nasema sivyo, na shahidi wangu ni Bibi Lucille Ball, Mmarekani aliyefariki mwaka 1989.

Alizaliwa Jamestown, jimbo la New York, mwaka 1911. Babake alifariki kwa homa ya matumbo, naye hajatimiza miaka minne. Aliigiza filamu nyingi Hollywood bila ya kupata makuu. Mwaka 1940 aliolewa na Desi Arnaz, mwanamuziki wa Kuba, ambaye daima alikuwa safarini na bendi yake. Basi alipotakiwa aigize mchezo wa televisheni, Lucille alishikilia kuwa mumewe awe ndiye mume mchezoni, apate kuwa naye karibu. Wakubwa wakasita: nani atamkubali Mkuba mwenye lafudhi ya kigeni? Mwaka 1950 wawili hao wakazunguka miji wakiigiza jukwaani, na watu wakawapenda. I Love Lucy ikaanza Oktoba 1951.

Tazama kipindi kimoja cha Septemba 1952. Wake na waume wamebadilishana kazi. (Waume wapika wali ukafurika jiko zima, sisi watu wa pwani tungelia.) Lucy na jirani yake Ethel wako kiwandani, wafunga chokoleti katika karatasi zikipita mbele yao juu ya ukanda wa mashine. Msimamizi amewaonya: ikipita hata moja haikufungwa, kazi hawana. Ukanda wakaza mwendo. Wanazitia vinywani, kofiani, vifuani. Msimamizi arudi, asione kosa, aridhike, aamuru ukanda uongezwe mbio!

Hapo ndipo penye ufundi. Onyo lilitangulia, kama kina cha mwanzo kinachokidai kina cha mwisho. Sisi twajua kilichofichwa, msimamizi hajui. Na hila iliyowaokoa ndiyo inayowazamisha. Maneno ni machache, hata asiyejua Kiingereza hucheka. Kila kipindi kilifanyiwa mazoezi siku kadhaa, kisha kikapigwa kwa kamera tatu pamoja, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini.

Mchezo wa nusu saa ulikwisha 1957. Ndoa ikavunjika 1960. Mwaka 1962 Lucille alinunua fungu la Desi katika kampuni yao ya Desilu, akaiongoza mwenyewe.