Albert Claude: mutoto wa muoka mikate aliyefungua seli

Albert Claude alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Longlier, kijiji kidogo cha Ubelgiji. Baba yake alikuwa muoka mikate. Mama yake alishikwa na kansa ya titi, akafariki Albert akiwa na miaka 7 tu.

Masomo hayakufika mbali. Aliacha shule ili kumutunza jamaa yake mugonjwa, kiisha akaingia kazi katika kiwanda cha chuma. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika, alijitolea kuwa mupelelezi upande wa Waingereza. Ni vita hiyo ndiyo ilimufungulia mulango: serikali iliruhusu waliotumika vitani waingie chuo kikuu hata bila diplome ya sekondari. Mwaka wa 1922 alianza kusomea udaktari Liège, akamaliza 1928.

Mwaka uliofuata akaenda New York, katika taasisi ya Rockefeller, kutafuta chanzo cha kansa fulani ya kuku. Huko alisaga seli, zile chembe ndogo zinazojenga mwili, akazizungusha kwa mbio sana ndani ya mashine. Viini, ambavyo ni vizito, vilishuka chini kwanza. Vipande vidogo vilidai mbio zaidi. Basi viungo vya ndani ya seli vikatengana kufuatana na ukubwa na uzito wao. Kuna walioona anaharibu seli bure, lakini hakuacha. Mwaka wa 1945, yeye na wenzake Keith Porter na Ernest Fullam walitoa picha ya kwanza ya seli nzima kwa mikroskopi ya elektroni.

Viungo vilipojulikana, swali likabaki: seli inajuaje kipimo cha kila kimoja? Kwa kawaida seli ikikua, kiini nacho kinakua. Njia moja ni kwamba vifaa vya kujengea vina kiasi; vikiisha, kiungo hakiongezeki tena. Kwa kansa kipimo hicho kinaharibika mara nyingi, kiini kinakuwa kikubwa kupita kawaida. Madaktari wanaochunguza uvimbe wanatazama alama hiyo mpaka leo.

Mwaka wa 1949 Claude alirudi Ubelgiji, akaongoza Taasisi ya Jules Bordet mjini Brussels, inayoshugulikia kansa, ugonjwa uleule uliomuua mama yake. Mwaka wa 1974 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Christian de Duve na George Palade. Alifariki Brussels mwaka wa 1983.