Eugene Debs: aligombea urais wa Marekani mara tano, mara ya mwisho akiwa gerezani

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, matokeo ya kura za urais yalipoanza kuingia nchini Marekani, mmoja wa wagombea alikuwa ndani ya gereza la Atlanta, jimbo la Georgia. Alibakiza siku tatu kutimiza miaka 65. Namba yake ya ufungwa ilikuwa 9653, na wafuasi wake huko nje walivaa beji zenye namba hiyo hiyo kifuani. Alipata kura zaidi ya laki tisa za wananchi. Kura za wajumbe, ambazo ndizo zinazompeleka mtu Ikulu, hakupata hata moja.

Aliitwa Eugene Victor Debs. Tumemchagua kwa sababu kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia tunasikia majina mawili tu, la Democrat na la Republican, na msikilizaji huuliza kama nchi kubwa namna ile haina watu wengine. Wapo, na walikuwepo tangu zamani. Maisha ya Debs yanaonyesha wanakwamia wapi.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1855 katika mji wa Terre Haute, jimbo la Indiana. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Alsace, na waliendesha duka la vyakula. Baba alipenda kusoma vitabu, hata jina la mtoto akalitoa kwa waandishi wawili wa Ufaransa, Eugène Sue na Victor Hugo. Mtoto mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi reli. Baadaye akawa mtu wa kutupia makaa kwenye tanuri la treni, kazi iliyoua na kulemaza wengi siku hizo. Mama yake aliiogopa. Debs akaiacha, akaingia dukani kama karani, lakini moyo ukabaki kwa watu wa reli, na alipanda ngazi katika chama chao cha wafanyakazi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Debs alianza siasa ndani ya chama kikubwa. Kwa tiketi ya Democrat alichaguliwa karani wa mji wa Terre Haute mwaka 1879, na baadaye akaingia katika bunge la jimbo la Indiana. Angeweza kubaki huko, akazeeka akiwa mheshimiwa.

Kilichombadilisha ni mgomo wa mwaka 1894. Kampuni ya Pullman, iliyotengeneza mabehewa ya kulala karibu na Chicago, ilipunguza mishahara wakati uchumi ulipoanguka. Wafanyakazi wake waliishi katika nyumba za kampuni hiyo hiyo, na kodi ya nyumba haikupunguzwa. Mtu alipokea mshahara, akakatwa kodi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Debs wakati huo alikuwa kiongozi wa chama kipya, American Railway Union, kilichounganisha watu wa reli wa kazi zote. Mwanzoni alisita, lakini wanachama wakaamua, naye akaongoza: kote nchini wakakataa kuhudumia treni yenye behewa la Pullman. Reli nyingi za kwenda magharibi zikasimama.

Serikali ikapata zuio la mahakama, kisha ikatuma jeshi, ingawa gavana wa Illinois alipinga. Mgomo ukavunjika na watu wakafa. Debs akafungwa miezi sita kwa kosa la kudharau amri ya mahakama. Rais aliyetuma wanajeshi alikuwa Grover Cleveland, Mdemocrat, wa chama kile kile ambacho Debs alikuwa amekitumikia. Mwaka 1896 aliwapa Wademocrat nafasi moja ya mwisho kwa kumuunga mkono William Jennings Bryan. Bryan aliposhindwa, Debs akajitangaza msoshalisti na hakurudi nyuma.

Tuseme wazi hapa kwamba Debs hakuwa mgombea binafsi kwa maana kamili. Alikuwa na chama, lakini kidogo, na shida zake ni zile zile zinazomkuta anayesimama peke yake.

Mwaka 1900 alipata kura karibu 88,000. Mwaka 1904 zikapanda hadi laki nne na zaidi kidogo. Wenzake wakaona mlango umefunguka. Mwaka 1908 chama kikakodi treni nzima kwa michango midogo midogo ya wafuasi, wakaiita Red Special, na Debs akazunguka nayo kutoka pwani hadi pwani, akisimama stesheni hadi stesheni, akihutubia mpaka sauti ikakauka. Umati ulijaa. Siku ya kuhesabu, kura zikawa kama 420,000. Zilikuwa karibu zile zile za miaka minne iliyopita.

Watu wote wale waliojaa stesheni walikwenda wapi? Jibu ndilo kiini cha habari hii. Mwaka 1904 Democrat walimsimamisha Alton Parker, mtu aliyeelekea upande wa matajiri, na mfanyakazi hakuona tofauti kubwa kati yake na Republican. Mwaka 1908 walimrudisha Bryan, aliyesema lugha ya mkulima na kibarua, na vyama vikubwa vya wafanyakazi vikamuunga mkono. Mtu wa reli aliyempenda Debs alijiuliza swali la kawaida kabisa: nikimpa Debs, hashindi; nikimnyima Bryan, huenda Taft wa Republican akapita. Akapiga makofi stesheni, kisha akampa kura Bryan. Hatuoni kuwa huyo alikuwa msaliti. Alipiga hesabu kwa kanuni zilizokuwepo.

Na kanuni zenyewe ni hizi. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo. Karibu kila jimbo, anayeongoza kwa kura za wananchi, hata kwa tofauti ndogo, huchukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Ni kama ubunge wa kwetu: aliyeongoza kwa kura moja ndiye mbunge, na wa pili na wa tatu wanarudi nyumbani wakiwa sawa. Chama kilichopata kidogo kila mahali huishia na sifuri kila mahali.

Mwaka 1912 ulionyesha hilo vizuri kuliko mwaka mwingine wowote. Republican waligawanyika: Taft akabaki na chama, Theodore Roosevelt akaanzisha chake. Woodrow Wilson wa Democrat akapata asilimia 42 hivi ya kura za wananchi, lakini wajumbe 435 kati ya 531. Taft, rais aliyekuwa madarakani, alipata karibu robo ya kura na wajumbe wanane tu. Debs alipata kura laki tisa, karibu asilimia sita, kiwango cha juu kabisa katika maisha yake. Wajumbe, sifuri.

Msikilizaji wetu mkulima atapenda kujua kwamba moja ya ngome zake kubwa haikuwa mji wa viwanda. Ilikuwa Oklahoma, miongoni mwa wakulima waliolima mashamba ya kukodi, wakamlipa mwenye ardhi kwa mazao na benki kwa riba. Huko alipata kura 16 katika kila 100. Wajumbe wote kumi wa Oklahoma walikwenda kwa Wilson. Ila katika uchaguzi wa jimbo wa mwaka 1914, ambako maeneo ni madogo na wafuasi wamekaa pamoja, wasoshalisti kadhaa waliingia bungeni. Kura zilizorundikana mahali pamoja zina nguvu kuliko zilizotawanyika.

Kulikuwa na kikwazo kingine kisichosemwa sana, cha makaratasi. Kila jimbo lilikuwa na sheria yake kuhusu nani aandikwe kwenye karatasi ya kura, na kufikia 1912 majimbo yalikuwa 48. Chama kikubwa nafasi yake ilikuwa tayari, kidogo kilihangaika na masharti ya kila jimbo kabla hata ya kuanza kampeni.

Halafu kuna suala la kunyang'anywa sera. Wasoshalisti walidai kodi ya mapato kwa wenye nacho, kura kwa wanawake, saa nane za kazi. Kodi ya mapato iliingia katika katiba mwaka 1913, sheria ya saa nane kwa watu wa reli ilipita mwaka 1916 chini ya Wilson, na haki ya wanawake kupiga kura ikathibitishwa mwaka 1920. Si Debs peke yake aliyepigania hayo, wengine walianza kabla yake. Lakini vyama vikubwa vilipoyachukua, mpiga kura akakosa sababu ya kuviacha.

Mwaka 1916 hakugombea urais, aligombea ubunge nyumbani kwao Indiana, walikomjua tangu utoto. Akashindwa na Mrepublican.

Tarehe 16 Juni 1918, Marekani ikiwa vitani, alihutubia huko Canton, Ohio, akipinga vita. Alijua hatari yake, kwani wenzake walikuwa wamefungwa jela jirani na uwanja ule. Akahukumiwa miaka kumi, na majaji wote wa Mahakama Kuu ya nchi wakaikubali hukumu. Hakukana aliyoyasema. Kura zake za 1920 kutoka gerezani zilizidi kidogo zile za 1912, ila zilikuwa asilimia tatu na kitu tu, maana mwaka huo wanawake wa nchi nzima walipiga kura na idadi ikapanda sana.

Wilson alikataa kumwachia. Warren Harding, Mrepublican aliyemshinda mwaka 1920, ndiye aliyempunguzia adhabu, na Debs akatoka siku ya Krismasi 1921. Wafungwa wenzake walimshangilia kutoka ndani alipokuwa akienda zake. Kesho yake alipokewa Ikulu, mgeni wa rais. Lakini hakupewa msamaha kamili, na haki zake za uraia hakurudishiwa.

Mwaka 1924 alimuunga mkono Robert La Follette, aliyepata zaidi ya kura 16 katika kila 100 nchini kote, akashinda jimbo lake la Wisconsin tu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1992, tajiri Ross Perot, mgombea binafsi hasa, alipata karibu 19 katika kila 100 bila mjumbe hata mmoja. George Wallace, mwaka 1968, alipata asilimia ndogo kuliko Perot lakini wajumbe 46, kwa kuwa watu wake walikuwa wamejazana majimbo ya kusini.

Jela ilikuwa imemmaliza Debs afya. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1926 huko Elmhurst, Illinois, akiwa na miaka 70, akazikwa Terre Haute. Nyumba aliyoishi na mkewe Kate ipo hadi leo na ni makumbusho.