Mwalimu Aliyewarudia Wanafunzi Wake

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 6:4-9; Waamuzi 2:7-10; Zaburi 78:1-7.

Lesoni uliyoishika mkononi Sabato hii ilianzishwa na mtu ambaye karibu utoto wake wote hakuweza kusoma. James White alizaliwa Agosti 4, 1821, huko Palmyra, katika jimbo la Maine, Marekani. Akiwa bado mdogo sana aliugua homa kali iliyomwachia degedege na macho mabovu. Ndugu zake walikwenda shule, yeye akabaki shambani. Macho yalipotengemaa alikuwa na miaka 19, kijana mrefu mwenye nguvu za mtu mzima na elimu ya mtoto. Aliingia shule ya St. Albans, akasoma usiku na mchana kama mtu anayelipa deni, na baada ya majuma 12 tu akapata cheti cha kufundisha. Siku zote alizosoma darasani maishani mwake, ukizijumlisha, hazifiki miezi minane.

Wengi wetu tunamfahamu kwa mambo mengine. Alikuwa mume wa Ellen White, mwanzilishi wa kazi yetu ya uchapishaji, na rais wa Konferensi Kuu kwa vipindi vitatu. Habari hizo zinasimuliwa mara nyingi, nasi tutazipita. Tumwangalie kama mwalimu wa watoto, na kama baba.

Aliporudi nyumbani kutoka kufundisha, mama yake alimweleza habari za William Miller na marejeo ya Kristo. Kijana alifikiri ni upuuzi, lakini hakuweza kumpuuza mama yake. Moyo ulipomgeuka, jambo la kwanza lililomjia halikuwa kupanda mimbarini. Alisikia mzigo wa kuwarudia watoto aliowafundisha katika mji wa Troy, aende nyumba kwa nyumba, aombe pamoja nao. Alishindana na mzigo ule. Alitaka kuendelea na masomo, naye alikuwa na mipango yake. Mwishowe alikwenda, kwa miguu. Katika nyumba mojawapo aliomba ruhusa ya kusali. Mwenye nyumba hakuwa mtu wa dini, hata hivyo aliita majirani, na muda si muda watu kama 25 wakawa wamekusanyika. White aliuliza ni wangapi kati yao ni Wakristo. Hakuwepo hata mmoja.

Tutazame alivyofanya. Aliwafuata watoto, akawakuta wazazi. Sisi mara nyingi tunakwenda kinyume chake: tunamhubiri mzazi, halafu tunatumaini kwamba mtoto atamfuata kama ndama nyuma ya ng'ombe.

Oktoba 22, 1844 ilipita, na Bwana hakuja. Kikundi kidogo kilichobaki na imani kilikutana majumbani, kikachunguza patakatifu, Sabato na unabii mpaka usiku wa manane. Watoto walikuwa wapi? Walikuwa mle mle ndani, wamesinzia magotini. Ni rahisi kuona jinsi mawazo ya watu wazima yalivyokwenda: ikiwa Yesu anarudi karibuni, ya nini kumwandalia mtoto masomo ya mwaka mzima? Lakini miaka minane ilipita. Mtoto aliyekuwa wa miaka sita sasa alikuwa wa 14, naye hajawahi kuandikiwa ukurasa hata mmoja. Kizazi kile cha Waamuzi 2:10 hakikutokea kwa sababu wazazi wao walikuwa waovu. Wazazi walimtumikia Bwana siku zote za Yoshua. Tatizo ni kwamba imani yao haikuvuka upande wa pili. Je, katika darasa lenu, ni vijana wangapi ambao wazazi wao ni waaminifu, nao hawaonekani tena?

Mwaka 1852 White, mwenye miaka 30, alihamishia kazi Rochester, katika jimbo la New York. Agosti mwaka huo alitoa toleo la kwanza la gazeti la Youth's Instructor, yaani Mwalimu wa Vijana, na ndani yake masomo ya Shule ya Sabato, moja kwa kila juma. Aliwahimiza waumini waanzishe Shule ya Sabato hata mahali penye watoto wawili au watatu tu. Mwaka uliofuata ilianza Shule ya Sabato ya kudumu pale Rochester.

Masomo mengine aliyaandika safarini. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Rochester, na mwana wao Edson, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa mgonjwa. Safari ya makanisa ya mashariki ilikuwa imeshatangazwa. Waliondoka kwa gari la farasi, mama amempakata mtoto juu ya mto. Mchana walisimama kando ya barabara ili farasi wao, Charlie, apate kula majani. Ellen aliandaa chakula na kumwangalia mtoto. James aliweka karatasi juu ya kisanduku cha chakula, au juu ya kofia yake, akaandika.

Lakini katika gari lile mtoto mmoja hakuwamo. Henry, mzaliwa wa kwanza, alikuwa ameachwa Topsham, Maine, kwa familia ya Howland, tangu akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Wazazi wake hawakuwa na nyumba wala fedha, nao waliitwa huku na huku. Akina Howland walikuwa watu wema, walimlea kama wao. Lakini mtu aliyewaandikia watoto wa kanisa zima masomo alikuwa na mwana aliyekua mbali naye miaka mitano. Henry alirudishwa kwao mwaka 1853, akiwa na miaka sita. Sioni kwamba tunapaswa kulifunika jambo hili. Kazi ya Mungu ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama ile alilipa mtoto ambaye hakuulizwa.

Nyumba ya Rochester ilikuwa makao na kiwanda pamoja. Walichapa kwa mtambo wa mkono, na waliouendesha walikuwa vijana. Annie Smith, mshairi, alikuwa na miaka 24 tu. Kaka yake Uriah, aliyefika mwaka 1853, alikuwa na 21, akapunguza kingo za vitabu kwa kisu cha mfukoni. Mvulana Warren Bacheller alijifunza uchapaji hapo akiwa bado hajabalehe. Anna, dada yake James, alikuja akiwa na kifua kikuu, akapewa uhariri wa gazeti la vijana. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1854. White hakuwaambia vijana wasubiri wakue. Katika makanisa yetu kijana wa miaka 24 hupewa kuhesabu viti, na watoto hupewa kivuli cha mwembe, bila kiti wala ubao, na mwalimu ambaye yeyote aliyekosa kazi nyingine anaweza kuwa.

Tuseme pia kwamba masomo ya White yalikuwa mazito. Yalikuwa mafundisho makuu ya imani kwa maswali na mafungu, na mtoto wa miaka saba angehitaji mzazi kando yake. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla Adelia Patten hajaandika, mwaka 1863, masomo ya watoto wadogo hasa. Mwaka 1869 mwalimu Goodloe Bell aliyapanga kwa rika.

Mwaka ule wa 1863 Henry, Edson na mdogo wao Willie walikuwa Topsham tena, katika nyumba ile ile ya akina Howland, wakati wazazi wakizunguka makanisani. Henry alikuwa akibandika chati za unabii kwenye kitambaa. Alichoka, akalala karibu na dirisha lililo wazi, akapatwa na kichomi. Wazazi waliwahi kufika. Alikufa Desemba 8, akiwa na miaka 16, wakamsafirisha kumzika Battle Creek. Mwaka uliofuata hotuba ya mazishi yake, habari za maisha yake na barua alizowaandikia mama yake wanawe vilichapishwa kuwa kijitabu kwa ajili ya vijana.

Waliobaki walikuwa Edson na Willie. Willie alifuata njia ya baba bila shida kubwa. Edson alikuwa mtu wa mipango mingi na madeni mengi, na baba yake alikuwa mkali kwake, hasa baada ya kiharusi cha Agosti 1865 kilichombadilisha tabia. Mama alisimama katikati, akiandika barua kwa huyu na kwa yule. Mwalimu aliyetembea kwa miguu kuwatafuta watoto wa Troy aliona ugumu kuvuka chumba kimoja kumfikia wake. James White alifariki Agosti 6, 1881, mjini Battle Creek, siku mbili baada ya kutimiza miaka 60. Hakuona lililofuata.

Mwaka 1893 Edson, mwenye miaka 44, alimrudia Bwana kwa moyo wote. Aliunda mashua ya mvuke, akaiita Morning Star, na Januari 1895 akatia nanga Vicksburg, jimbo la Mississippi, kuwahudumia watu Weusi waliotoka utumwani na watoto wao. Wengi hawakujua kusoma. Edson alikuwa ametunga kitabu kidogo, Gospel Primer, cha kufundishia herufi kwa habari za Biblia, na fedha zake zikasaidia kuendesha kazi. Usiku walifungua shule. Wazee waliozaliwa utumwani waliketi na wajukuu, wakifuata mstari kwa kidole, na mara nyingi mtoto ndiye aliyelijua neno kwanza.