Seyyid Majid bin Said, Mjenzi wa Dar es Salaam

Sisi tukaao Temeke na Kinondoni twashuka mjini kila siku, tukapita mbele ya Boma la Kale karibu na bandari, wala si wengi wajiulizao ni nani aliyeanza kujenga mahali pale. Ni Seyyid Majid, Sultani wa Unguja. Lakini kabla ya kujenga mji wa salama, mtu huyu alipigana vita na ndugu yake wa baba mmoja.

Baba yao, Seyyid Said, alifariki baharini Oktoba 1856, akitoka Maskati. Majid akashika Unguja na pwani. Kaka yake Thuwaini akashika Omani. Barghash, mdogo wao, aliyekuwamo chomboni baba alipokufa, aliutaka ufalme asiupate. Majid alikuwa mtu mpole, tena mgonjwa wa kifafa, hata wengine wakamdharau.

Mwaka 1859 Barghash akafanya shauri na Waarabu wa kabila la Harthi. Dada zao Khole na Salme wakamfuata. Salme, binti wa miaka 15 tu, alijua kuandika, naye ndiye aliyeziandika barua za siri. Majid alipopata habari, akaizungushia askari nyumba ya Barghash. Dada zake wakaingia kumtazama. Walipotoka usiku, Barghash alikuwa kati yao, amejifunika nguo za kike. Askari hawakuthubutu kuwafunua wanawake wa jamaa ya Sultani. Hapo, nadhani, adabu iliwashinda wenye bunduki.

Akakimbilia shamba la Marseilles, lenye nyumba imara iliyojengwa na marehemu ndugu yao Khalid, mpenda mambo ya Kifaransa. Wafuasi wake wakaigeuza kuwa ngome. Majid akaja na watu wapata 5,000, pamoja na maofisa na mzinga wa manowari ya Kiingereza. Wakapigana, wengi wakafa, na waliokufa walikuwa wana wa nchi moja, jamaa kwa jamaa. Usiku Barghash akatoka kimya akarudi mjini. Adui zake walipokuja kuvunja ngome wakaikuta tupu. Ndipo wanamaji wa Kiingereza wakaipiga risasi nyumba yake ya mjini, hata akaomba amani.

Majid hakumwua. Alimpeleka Bombay, akakaa huko kama miaka miwili. Salme naye alipatana na Majid baadaye. Barghash na Khole wakachukizwa naye kwa hilo. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akabatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na mfanya biashara Mjerumani.

Mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba Majid amlipe Thuwaini reale 40,000 kila mwaka, na nchi hizo mbili zitengane. Baada ya hayo Majid akageukia bara. Karibu na Mzizima, kijiji cha wavuvi, aliona bandari iliyofichika na upepo, akaanza kujenga majumba ya mawe kati ya 1865 na 1866. Mwaka 1867 akawaalika mabalozi wa mataifa karamuni huko.

Akafa Oktoba 1870, hajafika miaka 40, mji haujaisha. Aliyekalia kiti chake ni Barghash yule yule. Huyo hakuupenda mji wa nduguye. Kazi ikasimama, na majumba mengi yakaachwa yakabomoka.